Mji Ni Watu: Uhakiki wa Miji katika Michezo ya Video

Utangulizi

Muhula uliopita, katika somo la uhakiki wa fasihi, tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi dogo. Tuliwataka wachore kwa kalamu, bila kutazama popote, ramani mbili. Ya kwanza iwe ya mji uliomo katika riwaya yoyote ya Kiswahili waliyoisoma, na ya pili iwe ya mji wowote wa kubuni wanaoukumbuka vizuri, uwe wa filamu, wa hadithi au wa mchezo wa video. Nia yetu ilikuwa kuwafundisha dhana ya mandhari, wala hatukutarajia zaidi ya hapo.

Ramani za riwaya zilifanana. Zilikuwa na barabara moja, nyumba ya mhusika mkuu, na aghalabu baa. Ramani za pili ndizo zilizotushangaza. Nyingi zilikuwa za michezo ya video, au gemu kama vijana wanavyoziita, nazo zilijaa vichochoro, madaraja, vituo vya polisi, kinyozi, ukumbi wa mazoezi na duka la nguo. Mmoja alichora Grove Street, mtaa wa nyumbani wa mhusika Carl Johnson katika mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas, akaonyesha jinsi unavyojifunga mwisho kwa duara la nyumba. Aliuchora kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake.

Hata hivyo, zilikuwamo ramani mbili za namna nyingine. Zote zilikuwa za mji wa Kijuju, uliomo katika mchezo wa Resident Evil 5. Hazikuwa na majina ya mitaa wala maduka. Zilikuwa na mishale ya kuonyesha pa kutokea na alama za mahali risasi zinapopatikana. Wachoraji wake walikuwa wamemaliza mchezo huo wote, mmoja mara mbili. Tena, huo ndio mji pekee kati ya yote iliyochorwa ambao wenyeji wake husikika wakitamka Kiswahili, lugha tunayoifundisha katika idara hii.

Hatudai kuwa zoezi la darasa moja ni utafiti. Lakini lilituachia swali ambalo makala hii inakusudia kulijadili: ni kitu gani kinachoufanya mji wa kubuni katika mchezo wa video ukae akilini mwa mtu kama mji aliowahi kuishi? Na kwa nini mji uliopewa lugha yetu ulishindwa kukaa?

Mandhari na mwendo

Katika mafunzo ya fasihi tumezoea kusema kuwa mandhari ni mahali na wakati tukio linapotendeka. Aidha tumezoea kuiweka mwishoni katika orodha ya vipengele vya fani, baada ya muundo, mtindo, matumizi ya lugha na wahusika. Mwanafunzi huitaja kwa sentensi mbili katika mtihani, kisha akaendelea. Katika mchezo wa video mpangilio huo hausimami. Mandhari ndicho kitu cha kwanza ambacho mchezaji hukutana nacho, naye huingia ndani yake kwa mwendo wake mwenyewe. Mwandishi wa riwaya hutupitisha mtaani akiwa ametushika mkono, ilhali muundaji wa mchezo hutuachia mtaa tupite wenyewe, tupotee na turudi.

Si kila mji wa mchezo hujengwa kwa ajili ya kupitwa. Mwaka 1989 ulitoka mchezo wa SimCity ulioundwa na Mmarekani Will Wright, ambamo mchezaji ni meya anayeutazama mji kutoka juu. Hupanga barabara, hutoza kodi, huvuta umeme. Mji wa namna hiyo hufikirisha, lakini hatuwezi kusema tumeishi ndani yake. Hapa tunajishughulisha na miji ambayo mchezaji huikanyaga kwa miguu.

Lipo jibu jepesi kwa swali letu, nalo ni kwamba mchezo huchukua saa nyingi kuliko riwaya. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Wanafunzi wawili wa Kijuju nao walikaa humo saa nyingi, wakatoka mikono mitupu. Jibu la pili ni ukubwa: mji mpana hukumbukwa kuliko mji mdogo. Hilo nalo tunaona si sahihi, na mfano ufuatao unatusaidia kulikataa.

Mtaa mdogo wa Kamurocho

Mwaka 2005 kampuni ya Sega ilitoa nchini Japani mchezo wa Ryu ga Gotoku, unaojulikana nje ya nchi hiyo kwa jina la Yakuza. Aliyeongoza uundaji wake ni Toshihiro Nagoshi. Karibu visa vyote vya mchezo huo vinatokea katika mtaa mmoja wa kubuni uitwao Kamurocho, ulioigwa kutoka Kabukicho, mtaa halisi wa burudani za usiku katika eneo la Shinjuku jijini Tokyo. Mtaa wenyewe ni mdogo. Mtu akikimbia huumaliza kutoka upande hadi upande kwa dakika chache. Lango jekundu la kuingilia, mikahawa, baa, vyumba vya michezo, bustani wanamolala wasio na makazi; baada ya siku mbili tatu mchezaji huyajua yote.

Msuko wa mchezo huo unasaidia. Kazuma Kiryu anabeba lawama ya mauaji mwaka 1995 na kufungwa miaka kumi. Anapotoka, mtaa uleule umebadilika, na katikati yake limesimama ghorofa refu ambalo hakuliacha. Anautazama kwa macho ya mtu aliyerudi. Matoleo mengi yaliyofuata yaliurudisha mfululizo huo Kamurocho kwa namna moja au nyingine, na mchezaji aliyeanza mwaka 2005 amekuwa akishuhudia maduka yakibadilika majina na viwanja vikijengwa, kama sisi tunavyoshuhudia mitaa ya Kampala.

Toleo la mwaka 2015, Yakuza 0, linaturudisha Desemba 1988, wakati bei ya ardhi nchini Japani ilipokuwa imepanda kupita kiasi. Mgogoro wote wa toleo hilo unazunguka kipande cha kiwanja kitupu, kidogo mno, kilichojificha nyuma ya majengo, ambacho kila genge linakitaka kwa sababu bila hicho mradi mkubwa wa kuujenga mtaa upya hauwezi kukamilika. Mchezaji anayejua matoleo yaliyotangulia anafahamu ni ghorofa gani litakalosimama hapo baadaye. Kwa hiyo anaposimama mbele ya uchafu na takataka za kiwanja kile anaona nyakati mbili kwa pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kusikia ugomvi wa kiwanja katika ukoo wake hahitaji kufafanuliwa kwa nini damu inamwagika kwa ajili ya hatua chache za ardhi.

Tunachojifunza Kamurocho ni kwamba kumbukumbu ya mji hujengwa kwa kurudi. Mtaa unaopitwa mara mia hukaa, jiji linalopitwa mara moja huyeyuka. Riwaya pia hulifanya hili inapomrudisha mhusika wake kisimani au sokoni palepale, kila mara akiwa na hali mpya.

Watu wenye shughuli zao

Jambo la pili ni wenyeji. Mwaka 1999, miaka sita kabla ya Kamurocho, Sega hiyohiyo ilitoa mchezo wa Shenmue ulioongozwa na Yu Suzuki. Mandhari yake ni mji wa Yokosuka mwaka 1986. Wenyeji wake wamepewa ratiba: hutoka majumbani, hufungua maduka, hufunga jioni, hurudi kulala. Kijana Ryo, anayemtafuta muuaji wa baba yake, hulazimika kuwafuata kwa saa zao. Akifika mapema hukuta mlango umefungwa, naye hungoja. Wapo wachezaji waliolalamika kuwa kungoja kunachosha. Kwa maoni yetu, mlango ule uliofungwa ndio unaomwambia mchezaji kuwa mji huu haukuumbwa kwa ajili yake peke yake.

San Andreas, uliotoka mwaka 2004, unalifanya jambo hilo kwa njia ya maneno. Mchezo huo una miji mitatu: Los Santos, San Fierro na Las Venturas, iliyoigwa kutoka Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, na kisa chake ni cha mwaka 1992. Carl Johnson anarudi nyumbani baada ya mama yake kuuawa. Anapopita mtaani wapita njia humsema. Akinenepa kwa kula ovyo watamcheka. Akivaa vizuri watamsifu. Akivaa vibaya hawatamwonea haya. Bila shaka maneno yenyewe yamerekodiwa na hujirudia. Hata hivyo yanatosha kumfanya mchezaji ajione anatazamwa, na mtu anayetazamwa amekwisha kuwa mmoja wa mji. Masengenyo ni dalili ya ujirani.

Tusifiche lakini kwamba maneno ya mtaani yana uzito wake. Toleo lililotangulia, Vice City la mwaka 2002, lilijengwa kwa mfano wa jiji la Miami la mwaka 1986, likiwa na mitaa ya Wakuba na Wahaiti na stesheni ya redio inayotangaza kwa Kihispania. Mwaka 2003 jumuiya za Wahaiti nchini Marekani ziliandamana kupinga sentensi za mchezo huo zilizotaja kuwaua Wahaiti. Waundaji walijitetea kuwa maneno hayo yalihusu magenge ya ndani ya hadithi, kisha wakakubali kuyaondoa katika nakala zilizofuata. Funzo hapa ni kwamba mji wa kubuni uliopewa watu halisi hauwezi kujificha nyuma ya ubunifu. Wenyeji wanaotajwa wapo, wanasikia, na lugha inayowataja inawafikia.

Baghdad na suala la sauti

Kwa mwalimu wa lugha, jambo la tatu ndilo zito zaidi: wenyeji wa mji wanazungumza lugha gani, na wanaizungumza kwa nani?

Michezo mingi imelikwepa swali hili kwa kuifanya dunia nzima izungumze Kiingereza. Mfululizo wa Assassin's Creed ulianza mwaka 2007 kwa kujenga upya Jerusalem, Acre na Damascus za mwaka 1191. Majengo yalifanyiwa kazi kubwa ya kupendeza, lakini mhusika mkuu Altaïr alisikika kwa Kiingereza cha lafudhi ya Kimarekani. Mchezaji aliona Damascus na kusikia mahali pengine kabisa.

Mwaka 2023 mfululizo huo ulitoa Assassin's Creed Mirage, uliowekwa Baghdad ya karne ya 9. Baghdad hiyo ina mvuto wa pekee kwa sababu haipo tena. Mji wa duara ulioanzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762 haukuacha magofu ya kuonyeshwa mtalii, na Wamongolia waliuteka na kuuangamiza mji mwaka 1258. Kinachobaki ni maandishi ya waliouona. Waundaji waliusimamisha tena kutokana na maandishi hayo: kuta, milango, masoko ya Karkh, mifereji, maktaba. Safari hii mchezo ulitolewa pia ukiwa na sauti kamili za Kiarabu, na mchezaji anaweza kuucheza wote kwa lugha hiyo.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapotega sikio. Kiarabu kilichotumika ni Kiarabu fasaha. Basim, kijana aliyekulia katika wizi wa mitaani, anazungumza kama msomi, na mwenzake wa mtaani anamjibu vivyo hivyo. Ni tatizo tunalolijua vizuri. Ni mara ngapi tumesoma tamthilia ambamo kuli wa bandarini na hakimu wa mahakama kuu wanatumia Kiswahili sanifu kilekile, bila lahaja, bila kuchanganya ndimi, bila kukata maneno? Tunakubali kuwa lugha fasaha huunganisha wasikilizaji wa nchi nyingi, na pengine hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa Kiarabu cha sokoni cha karne ya 9 hakuna anayekizungumza leo. Hata hivyo hatua hiyo ni kubwa. Katika Baghdad hii Kiarabu ndicho cha mwizi na mlinzi, mfanyabiashara na mwanazuoni, anayependa na anayetisha. Lugha imepewa mji mzima wa kuishi.

Kijuju: lugha bila mji

Sasa turudi kwenye zile ramani mbili. Resident Evil 5 ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009. Mhusika mkuu, Mmarekani Chris Redfield, anafika Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi, na kupokewa na mwenzake Sheva Alomar. Wanapita katika mtaa wenye jua kali, watu wakiwatazama. Baada ya muda mfupi mtaa unakuwa mtupu. Wenyeji wameambukizwa vimelea vinavyowageuza kuwa wauaji, na kuanzia hapo kila anayejitokeza anakuja kuua au kuuawa. Wauaji hao wanaitwa Majini, nao wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Tuanze na jina. Neno hilo ni letu, wingi wa jini, nasi tulilipata kutoka Kiarabu. Katika mchezo limepewa maana ya pepo wabaya tu. Mswahili anajua kuwa majini si wa aina moja: wapo wabaya, wapo wema, wapo wanaorithiwa katika ukoo na kutunzwa. Anajua pia kuwa neno hilohilo, likiwa ni maji na kiambishi cha mahali, lina maana ya ndani ya maji. Muktadha ndio unaozitenganisha maana hizo. Kijuju hakina muktadha. Neno limeokotwa kwa sababu ya ugeni wake kwa masikio ya wengine.

Jina la mji nalo linachekesha kidogo. Juju ni neno la Afrika Magharibi linalohusu uchawi na hirizi. Likitanguliwa na ki- linasikika kwa sikio letu kama jina la lugha au la kitu kidogo. Hatudai kuwa waundaji walikusudia hivyo. Tunachosema ni kwamba Afrika Magharibi ina Kihausa, Kiyoruba, Kiigbo, Kiwolofu, Kibambara na nyingine nyingi, na Kiswahili si lugha ya wenyeji wa huko. Kukipeleka Kijuju ni sawa na kujenga mji nchini Ureno na kuwafanya wenyeji wake wote wapige kelele kwa Kirusi, kisha kutarajia kuwa hakuna atakayegundua.

Mjadala juu ya mchezo huu ulianza mwaka 2007, onyesho lake la kwanza lilipoonekana, na ulihusu zaidi rangi: mzungu mwenye bunduki akiua umati wa Waafrika. Mjadala huo ulikuwa wa haki, hasa tukikumbuka sura za baadaye ambamo wanakijiji wa kabila la kubuni la Ndipaya wanatokea na mikuki na sketi za majani. Lakini suala la lugha lilipita kimyakimya, kwa kuwa wengi waliohakiki mchezo huo hawakijui Kiswahili. Kwao zilikuwa kelele tu.

Ni haki kusikiliza utetezi. Mtu atasema kuwa huu ni mchezo wa kutisha, na katika michezo ya kutisha wenyeji wote ni hatari. Atasema pia kuwa Resident Evil 4 ya mwaka 2005 iliwafanya wanakijiji wa Hispania wawe wauaji wanaopiga kelele kwa Kihispania, kwa hiyo Waafrika hawakuonewa peke yao. Hayo ni kweli. Lakini Kihispania kina miji mingine ya kukimbilia, ikiwamo ile redio ya Vice City. Mwaka 2009 kijana msemaji wa Kiswahili aliyewasha PlayStation angeisikia lugha yake mahali pachache mno, na Kijuju kilikuwa kimojawapo. Yamo pia maandishi ya kusoma ndani ya mchezo, ikiwamo shajara ya kijana wa kijijini inayogusa moyo kidogo. Lakini kijana huyo, mwenyeji anayetufungulia mawazo yake, katika toleo linalochezwa hapa kwetu anayafungua kwa Kiingereza. Kiingereza kikapewa moyo, Kiswahili kikapewa panga.

Mwenzetu mmoja katika idara alisema kuwa angalau Kiswahili kimesikika duniani. Tuliifikiria hoja yake na hatukuweza kuikubali. Katika Kijuju hatusikii bei ya nyanya ikiulizwa, wala mtoto akiitwa aingie ndani, wala mzee akisalimiwa. Yupo mtu mwenye kipaza sauti anayechochea umati uwanjani, na upo umati unaomwitikia. Lugha ambayo haina salamu, bei wala utani, yenye amri na vitisho peke yake, hata ikitamkwa vizuri namna gani haiwezi kujenga mtaa. Ndiyo maana wanafunzi wetu walikumbuka pa kutokea na mahali pa risasi. Mji haukuwapa kitu kingine cha kukumbuka.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kulicheka jambo hili na kulisahau. Sisi wa Uganda hatuwezi. Kiswahili kilikuja kwetu kwa misafara ya biashara, kisha kikakaa kambini: katika jeshi la kikoloni, polisi na magereza. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi, hasa kusini mwa nchi, walibaki wakikihusisha na vizuizi vya barabarani na amri ya mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na darasani hali imebadilika. Majumbani bado. Wengi wa wanafunzi wetu wamewahi kuulizwa na mzazi au shangazi: unajifunza lugha ya wanajeshi ili ufanye nini?

Kazi yetu ya kila siku, basi, ni kukitoa Kiswahili kambini na kukipeleka sokoni, kitandani kwa mgonjwa, harusini, maktabani. Kijana anayecheza Resident Evil 5 Kampala anakisikia kikirudishwa kambini. Hatuamini kuwa mchezo mmoja unaweza kuharibu kazi ya miaka. Ila mmoja wa wale wanafunzi wawili, alipoulizwa kama alielewa Majini wanasema nini, alijibu kuwa hakujaribu kuelewa. Alidhani hawasemi kitu. Ni mwanafunzi wa Kiswahili, na alisikia Kiswahili bila kufikiri kuwa kinasema kitu. Jibu hilo limetukalia kooni tangu siku hiyo.

Hata hivyo tusiwalaumu Wajapani peke yao. Tukumbuke ramani za kwanza: barabara, nyumba, baa. Mchora ramani hakuzivumbua. Riwaya ya Kiswahili imeutumia mji kwa muda mrefu kama shimo la kumtumbukizia mhusika aliyetoka nyumbani. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatoroka nyumbani na mji unammeza. Hatusemi riwaya hiyo ni dhaifu; nguvu yake iko katika nafsi za wahusika na ukali wa malezi waliyoyapata. Tunasema kuwa mwanafunzi aliyesoma riwaya nyingi za namna hiyo hujifunza kuwa mji ni mahali pa kupotelea, naye huchora baa. Hii ni hoja tuliyoipata kwa msaada wa michezo ya video, nasi hatuoni haya kuikiri.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa ukubwa wa ramani na uzuri wa picha havitoshi kuufanya mji wa mchezo ukumbukwe. Kamurocho hukumbukwa kwa sababu mtu hurudi hapo. Yokosuka na Los Santos hukumbukwa kwa sababu wenyeji wana shughuli na maoni yao. Baghdad ya mwaka 2023, pamoja na ufasaha wake uliozidi, inaonyesha kuwa lugha ikiachiwa mji mzima hubeba mji huo. Kijuju kilipewa lugha kikanyimwa watu, na mji ni watu.

Tunapendekeza swali moja liongezwe katika uhakiki wa mandhari, iwe ya riwaya, tamthilia, filamu au mchezo: wapita njia wanaambiana nini wakati mhusika mkuu hayupo katika mazungumzo yao? Kazi ikikosa jibu, mandhari yake ni pazia tu.

Na kwa vijana wetu wa idara ya kompyuta, ambao tumesikia wanajaribu kuunda michezo yao wenyewe, tuna ombi. Siku mtakapojenga mji wetu, msianze na majengo. Nendeni Busia asubuhi, mji uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, mkasimame pembeni mwa barabara na kusikiliza. Mtasikia Kiswahili kikiuza samaki, kikibembeleza afisa wa forodha, kikitania, kikichanganyika na Kisamia, Kiluganda na Kiingereza katika sentensi moja. Rekodini hayo kwanza. Barabara na kuta mtaziweka baadaye, na mkituhitaji kuhariri mazungumzo, milango ya idara iko wazi.